Kali wa Wahindi na "kali" yetu: maswali yenu kuhusu miungu wa kike wa shaba

Makala iliyopita ilihusu mafundi wa kusubu madini, yaani kuyayeyusha na kuyamimina katika kalibu, na humo nikamtaja kwa sentensi mbili tu Kali, mungu wa kike wa Kihindu mwenye mafuvu shingoni. Nikadhani nimepita. Kumbe nimekanyaga siafu. Barua zimekuja, za kuuliza na za kunionya. Nimechagua hizi, zinazofanana nimeziunganisha.

Kabla ya yote, shaba ninayoisema hapa ndiyo ile ya medali ya mshindi wa tatu: shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, na mara nyingi risasi kidogo. Siyo shaba ya manjano ya masinia na mabuli, ingawa huko sokoni zote huuzwa kwa jina moja.

Shikamoo Bi. Hilo jina Kali ndilo hili neno letu "kali", au masikio yangu? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Ni masikio, lakini si ya kulaumiwa. "Kali" yetu ni ya Kibantu. Hata Wachewa wa Malawi wana "ukali" wao na maana ni ileile. Kali wa Wahindi ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India, hutamkwa kwa kuvuta sauti zote mbili, Kaalii, na limetoka katika neno lenye maana mbili: weusi, na wakati. Kwa hiyo yeye ni Mweusi, na ni wakati unaommeza kila mtu. Maneno mawili yaliyotoka pande mbili za bahari yakakutana mlangoni kwa bahati tu. Nami nimewahi kumsikia mtoto akisoma kibandiko chini ya sanamu yake, "Ka-li", kisha akamgeukia mamaye: "Kweli mkali."

Mwanangu ameweka kwenye simu picha ya sanamu ya mwanamke mwenye meno ya nje na nywele kama moto. Nimemwambia afute, huyo ni shetani. Nimekosea? (Baba wa watoto watatu, Morogoro)

Kufuta au kutofuta ni amri ya nyumba yako, ndugu yangu. Mimi si shehe wala padri. Ninachoweza kukuambia ni kile waliomsubu walichokusudia, na hapo utashangaa, kwa sababu katika hadithi yao yeye ndiye anayewapiga mashetani.

Hadithi imo katika andiko la Kisanskriti liitwalo Devi Mahatmya, lenye umri wa takriban miaka 1,500. Majitu maovu yamewashinda miungu wote. Durga, mungu wa kike mpiganaji, anashuka vitani, uso wake unageuka mweusi kwa hasira, na kutoka kwenye kipaji cha uso anachomoka Kali. Anawakata vichwa majemadari wawili, Chanda na Munda, ndiyo maana hupewa pia jina la Chamunda. Kisha anakuja jitu Raktabija, maana yake "mbegu ya damu": kila tone la damu yake likigusa ardhi, linaota Raktabija mwingine. Kadiri unavyomkata ndivyo wanavyozidi. Kali akautoa ulimi, akayadaka matone kabla hayajafika chini, akamnywa mpaka akakauka. Ulimi ule unaouona nje asili yake ndiyo hiyo. Wabengali wa Kolkata wana maelezo mengine: wanasema alicheza kwa hasira mpaka akamkanyaga mumewe, mungu Shiva, aliyelala chini, akang'ata ulimi kwa haya. Mimi hilo la pili linanichekesha na kunigusa, kwa sababu ni mama mtu mzima aliyeshikwa na aibu mbele ya watu.

Sasa itazame tena ile picha. Nywele za moto bila ulimi nje ni dalili ya Kali wa Kitamil, wa kusini mwa India. Huko mafundi wa shaba hawakupenda vitisho vingi. Mara nyingi ameketi, mwili ni wa mwanamwali, uso umetulia, na ukali wote umewekwa katika vitu vidogo: chonge mbili kwenye pembe za midomo, nywele zilizosimama kama ndimi za moto, kikombe cha fuvu mkononi. Halafu tafuta mkono mmoja wa kulia ambao haukushika kitu, kiganja kimekuelekea wewe. Ishara hiyo ina jina na maana yake ni "usiogope". Kuku mwenye vifaranga akiona mwewe manyoya humsimama vilevile, na vifaranga havimkimbii, hukimbilia chini yake. Waumini wake humwita Mama.

Kwa nini mikono mingi? Nane, kumi, hata kumi na sita! (Wanafunzi wa kidato cha pili, Kisumu)

Kwa sababu ya silaha. Jitu la umbo la nyati, Mahishasura, lilikuwa na ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayeliua. Halikumhesabu mwanamke. Miungu wakaunganisha nguvu zao zikawa Durga, na kila mmoja akampa silaha yake: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani chenye makali, Indra radi, mungu wa upepo upinde na mishale, na mlima Himalaya ukampa simba wa kupanda. Silaha zote hizo atazishika vipi kwa mikono miwili? Mtu akitaka kumjua mungu wa Kihindu ni nani, asianze na uso. Asome mikono, kisha atazame alichokanyaga. Durga wengi wa shaba wa Kitamil wamesimama kwa upole mtupu, na kinachowatambulisha ni kichwa cha nyati kilicho chini ya miguu.

Jambo Mama. Tulienda na watoto jumba la makumbusho la Nelson-Atkins, tukakuta kisanamu cha bibi mzee mkondefu sana, ameketi, anatabasamu, mkononi ana kitu cha kupiga ngoma. Mwanangu akasema ni Kali. Ni yeye? (Msomaji wa asili ya Bukavu, Kansas City)

Jambo, mama. Asante kwa barua hii, ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Siye. Lakini mwanao amekosea pamoja na wasomi wengi waliomtangulia, maana kwa miaka mingi sanamu za bibi huyu ziliitwa Kali.

Huyo ni binadamu. Ni Karaikkal Ammaiyar, mshairi wa Kitamil aliyeishi yapata karne ya 6, mmoja wa watakatifu 63 wa Shiva, na wanawake kati yao ni watatu tu. Hadithi yake naisimulia yote kwa sababu bila hiyo sanamu haieleweki.

Alikuwa mke wa mfanyabiashara katika mji wa pwani wa Karaikkal, mzuri wa sura, jina lake Punitavati. Siku moja mumewe akatuma maembe mawili nyumbani. Akaja mcha Mungu mwenye njaa. Punitavati akampa wali na embe moja. Mume aliporudi akala lile lililobaki, akalipenda, akataka la pili. Mke afanye nini? Akaingia ndani, akamwomba Shiva, embe likatokea kiganjani. Mume kulionja akashtuka: utamu huu si wa dunia. Akabana, mke akasema kweli. "Basi lete jingine nione." Likaja, na mume alipolishika likayeyuka mkononi mwake. Hakuchukia, aliogopa. Akajifanya anasafiri kibiashara, akahamia mji mwingine, akaoa tena, na binti aliyezaliwa akampa jina la yule mke wa kwanza. Ndugu walipompelekea Punitavati kule, mume na mke mpya na mtoto wakamwangukia miguuni, wakisema huyu si mtu wa kuwa mke wa mtu.

Hapo ndipo Punitavati akamwomba Shiva amvue uzuri wake. Kama mwili huu aliutunza kwa ajili ya mume na mume hautaki, wa nini? Nyama ikamtoka, akabaki mifupa na ngozi, na katika mashairi yake akajiita zimwi la Karaikkal. Akaenda mpaka mlima wa Shiva, na alipofika akaona haya kuukanyaga kwa miguu, akaupanda kwa mikono, kichwa chini. Shiva akamwita "Ammai", yaani mama, na kumuuliza anataka nini. Akasema: kukaa chini ya mguu wako ukicheza, nikiimba.

Kile alichoshika ni matoazi madogo. Anampigia Shiva mdundo, na lile tabasamu ni la mtu aliyepewa alichokiomba. Mbavu zinahesabika, matiti yamenyauka, na fundi hakumwonea huruma hata kidogo. Metropolitan Museum ya New York nao wanaye wake, kimo hakifiki sentimita 25, na kule Sri Lanka wamo waliofukuliwa Polonnaruwa. Chamunda pia husubiwa akiwa mifupa mitupu, lakini huyo ana mafuvu na silaha, na mara nyingine nge juu ya tumbo lililobonyea. Ukiona matoazi tu, mpe mwanao jina la Karaikkal.

Naomba ueleze sanamu hizi zinatengenezwaje. Mimi ni fundi chuma. (Msomaji, Gikomba, Nairobi)

Fundi, wewe utanielewa haraka. Kijiji kinachojulikana zaidi kwa kazi hii leo ni Swamimalai, kando ya mto Kaveri, karibu na mji wa Kumbakonam katika jimbo la Tamil Nadu. Ustadi wa kazi hii ulifika kilele wakati wa wafalme wa Chola, kuanzia katikati ya karne ya 9 hadi mwaka 1279, na njia haijabadilika sana.

Fundi huanza na nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu na mafuta ili isivunjike wala kuyeyuka ovyo. Kipimo chake si rula: hukata ukuti wa mnazi sawa na kimo cha sanamu, akaukunja mara kadhaa, na mikunjo ndiyo inayomwambia kidevu kiishie wapi, kitovu kiwe wapi, goti wapi. Kichwa, mwili na mikono hufinyangwa mbalimbali kisha huunganishwa kwa chuma cha moto. Nta ikiwa tayari hupimwa uzito, kwa sababu shaba itakayojaza nafasi ileile ni nzito karibu mara tisa. Ukikosea hesabu, mungu wako atatoka bila kichwa.

Kisha nta hupakwa udongo laini wa mto Kaveri, ule mchanga-tope unaoshika hadi alama ya ukucha. Juu yake udongo mzito zaidi, waya, udongo tena. Ikikauka hutiwa motoni, nta inatoka kwenye tundu, kinabaki kivuli chake ndani ya kalibu. Kalibu hufukiwa ardhini mdomo juu, shaba iliyoyeyuka humiminwa polepole, mkono usitetemeke. Ikipoa, kalibu huvunjwa. Hapo ndipo penye uzuri na uchungu wa kazi: nta imekwenda, kalibu imekwenda, na kama kuna mkono mmoja haukujaa, unaanza upya kutoka kwenye mzinga. Kwa njia hii sanamu haina pacha.

Baada ya hapo ni tindo na tupa kwa wiki kadhaa. Zamani, wasomi wengi wanaona, mafundi wa Chola waliweka karibu kila kitu kwenye nta, tindo ikabaki ya kusafishia tu. Siku hizi tindo hufanya kazi kubwa zaidi, na ukitazama mapambo ya sanamu mpya makali yake yanakuambia. Macho huchongwa mwisho. Utasikia pia habari za "madini matano", shaba nyekundu, bati, risasi, fedha na dhahabu. Hayo ndiyo ya kidini. Kwa kilo, karibu yote ni shaba nyekundu, na dhahabu ni chembe za baraka.

Jambo moja huenda hukuliuliza: kwa nini zisiwe za mawe? Za mawe zipo, na ndizo wenye nyumba. Mungu wa jiwe hukaa ndani ya hekalu hatoki. Wa shaba ndiye anayetoka siku za sikukuu kubebwa barabarani, ili na asiyeweza kuingia ndani amwone. Tazama chini ya sanamu nyingi za Chola utaona matundu au pete: humo ndimo mlimopita miti ya kubebea. Na husubiwa nzima, bila uwazi ndani, kwa hiyo wabebaji ni wengi. Siku hiyo Mama huvikwa hariri, mashada na vito mpaka unaona uso peke yake. Kile kiuno tunachokisifu sisi kwenye makumbusho, aliyeisubu alijua kitafunikwa, na hata hivyo hakukipunja.

Hapa Maskati kuna mtu ananiuzia Kali wa shaba, anasema ana miaka 800. Bei si mbaya. Ninunue? (Mzanzibari, Oman)

Kama bei si mbaya, basi hana miaka 800. Na kama kweli anayo, usimguse.

Nyingi za sokoni si shaba ya medali kabisa. Ni shaba ya manjano, kazi ya juzi, na mji wa Moradabad kaskazini mwa India unazitoa kwa maelfu. Si dhambi, ila ziuzwe kwa jina lake. Kijani kibichi cha kutu huweza kupakwa kwa dawa katika siku chache. Sanamu iliyoabudiwa kweli kwa karne nyingi huwa imelainika usoni, pua na matiti yamepungua, kwa kuogeshwa maji na maziwa na kupakwa manukato, siku baada ya siku. Kuchakaa huko ni kugumu kuigiza, maana kuko panapofika viganja, siyo kila mahali.

Sasa hofu yangu. Sheria ya India ya mwaka 1972 inakataza kutoa nje vitu vya kale vilivyopita miaka 100 bila kibali. Kwa hiyo sanamu ya kweli isiyo na karatasi ni ya wizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Muulize aliyeinunulia Australia: jumba lao la taifa la sanaa lilitoa zaidi ya dola milioni 5 mwaka 2008 kwa Shiva achezaye, likionyeshwa na vyeti vizuri kabisa. Ikagundulika ameibwa katika hekalu la kijiji cha Sripuranthan, Tamil Nadu. Kilichosaidia kuumbua wizi wa namna hiyo ni picha: taasisi ya Wafaransa huko Pondicherry ilikuwa imepiga picha sanamu za mahekalu ya vijijini kuanzia miaka ya 1950, na mikwaruzo haidanganyi. Mwaka 2014 waziri mkuu wa Australia alimrudisha mwenyewe. Muuzaji, Subhash Kapoor wa New York, alikamatwa Ujerumani mwaka 2011, na mahakama ya Kumbakonam ikamhukumu miaka 10 mwaka 2022. Mwaka 2015 Merkel, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, naye alimkabidhi Modi, waziri mkuu wa India, sanamu ya Durga akimuua nyati, ya jiwe, iliyoibwa Kashmir na kukutwa katika jumba la makumbusho la Stuttgart.

Ukipenda kitu chema, agiza kipya Swamimalai, upewe risiti yenye jina la fundi. Nacho kitazeeka, usiwe na haraka.

Nafungua hoteli ndogo Nungwi. Nina Kali wa shaba, urefu wa goti. Naweza kumweka mlango wa baa, au pale wageni wanapovulia viatu? (Mfanyabiashara)

Hapana. Na hapana.

Kama ni lazima awepo, awe juu, kupita usawa wa kifua cha mtu, mbali na viatu, pombe na choo. Wageni wako watokao Mumbai hawatakuambia kitu, wataondoka tu.

Mbona mahekalu ya Mabaniani wetu huku sijaona hizi za shaba? Na nina jambo jingine: majirani zetu Wahindi walipohamia Leicester, Uingereza, walimwachia mama kisanamu cha mwanamke amepanda chui au simba, kimekuwa cheusi. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Nikisugue? (Bibi wa Mombasa)

Pole kwa mama, Bibi, Mungu amrehemu.

La kwanza: Wahindu wengi wa pwani yetu asili yao ni Gujarat, hasa Kutch na Saurashtra, na huko mahekalu hupenda marumaru nyeupe iliyopakwa rangi. Shaba ya kusubu kwa nta ni fahari ya Watamil wa kusini, na ya Wanewari wa Nepal wanaoipaka dhahabu. Lakini Mama wanaye. Mwezi wa Septemba au Oktoba, ukisikia ngoma na vijiti vikigongana usiku kucha katika kumbi za Wahindi, hiyo ni Navaratri, mikesha yake tisa, wakimzunguka Amba aliyepanda chui milia. Wakutch wana Ashapura wao, na juu ya mlima Pavagadh huko Gujarat yumo Kali mwenyewe, watu humpandia kwa miguu.

Kwa hiyo kisanamu chako huenda ni Amba au Durga. Kama ni cha shaba ya manjano cha juzijuzi, ukwaju na maji ya uvuguvugu yatakitakatisha, kama tunavyofanya kwa masinia, na Wahindi wenyewe hutumia hivyo. Ila kwanza kitazame kwenye mwanga. Ukiona usoni kumelainika, au kuna alama nyekundu ya unga kwenye paji la uso au kwenye mikunjo, kitu hicho kimeswaliwa, na wenyewe hawakumwachia mama pambo. Usikisugue. Kifunge kitambaa safi, ukipeleke hekaluni, umwambie mtunza hekalu kimetoka kwa nani na mtaa gani. Mtu wa kuwajua majirani wale hatakosekana pale. Na kama wana simu Leicester, ulizia kwanza wao wanataka kifanywe nini.